Gari dogo jipya au la Japani lililotumika kidogo: lipi linakufaa?

Kwa bei ya gari dogo moja jipya kutoka kwa wakala wa Dar es Salaam, mara nyingi unaweza kuagiza Vitz au Passo kutoka Japani, ukalipia ushuru, ukaweka namba, na bado ukabaki na fedha ya kunyanyua msingi wa nyumba. Hesabu hiyo ndiyo iliyojaza mitumba ya Japani kwenye barabara zetu. Lakini gari jipya nalo lina hoja nzito: unaijua historia yake yote, kwa sababu inaanza na wewe. Pande zote mbili zina watu waliochagua vizuri, na zote mbili zina watu waliochagua gari linalomfaa jirani.

Upande wa kwanza nitaweka gari dogo jipya, lisilo na kilomita, kama Suzuki Alto, S-Presso au Toyota Starlet. Upande wa pili ni mtumba wa Japani wa miaka saba hadi kumi na kitu, uliotembea kidogo: Vitz, Passo, IST, Demio, Fit, Note. Nimechukulia kwamba mnunuzi yuko Tanzania. Mahali ambapo sheria ya Kenya au Uganda inabadilisha hesabu nitasema.

Nimelinganisha kwa mambo sita: fedha mpaka gari liwe barabarani, matumizi ya kila mwezi, matengenezo na spea, usalama, barabara unazopita, na kuuza. Bei ya kununua ni jambo moja tu kati ya hayo. Inapewa uzito kupita kiasi kwa sababu ndiyo inayoandikwa kwenye kioo cha gari.

Fedha mpaka gari liwe barabarani

Kwa gari jipya hesabu ni fupi. Wakala anakupa bei na gari liko hapa tayari. Cha kuuliza, na kupewa kwa maandishi, ni kama bei hiyo ina VAT, usajili, namba na bima ya mwaka wa kwanza ndani yake. Benki nazo hulipenda gari jipya: muda wa mkopo huwa mrefu zaidi, na kiasi unachotakiwa kutanguliza huwa kidogo kuliko kwa mtumba.

Kwa mtumba, bei unayoiona kwenye mtandao wa wauzaji wa Japani ni mwanzo tu. TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, haichukui risiti yako kama ilivyo. Ina thamani zake kwa kila aina ya gari, mwaka na injini, na kikokotoo chake kiko mtandaoni kwa kila mtu. Juu ya thamani hiyo huja ushuru wa forodha asilimia 25, kisha ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini: sifuri kwa injini isiyozidi cc 1,000, asilimia 5 mpaka cc 2,000, na asilimia 10 zaidi ya hapo. Halafu inakuja ile ambayo watu huisahau, ya uchakavu: asilimia 15 kwa gari lililopita miaka minane tangu litengenezwe, na asilimia 30 likipita miaka kumi. Mwisho VAT asilimia 18 juu ya jumla yote hiyo.

Tuchukue Passo ya cc 996 ambayo thamani yake kwa forodha ni dola 3,000. Ikiwa na miaka saba, kodi hizo zinafika dola 1,425. Ikipita minane, zinakuwa kama dola 2,089. Ikipita kumi, dola 2,753, karibu bei ya gari lenyewe. Hapo sijaweka tozo ndogondogo, gharama za bandari na ada ya wakala wa forodha. Kweli, gari lenye umri mkubwa hupewa thamani ndogo, kwa hiyo tofauti halisi hupungua kidogo, lakini somo la hesabu linabaki: mwaka wa kutengenezwa unaweza kukugharimu kuliko kilomita. Kabla ya kutuma fedha Japani, weka kwenye kikokotoo gari la mwaka mmoja juu na mwaka mmoja chini ya lile ulilopenda. Mara nyingine lenye umri mdogo, ambalo lilikuwa ghali kule, linashuka hapa kwa jumla ileile. IST iliacha kutengenezwa mwaka 2016, kwa hiyo kila inayoshuka sasa imeshafika ngazi ya juu ya uchakavu au iko mlangoni. Na viwango hivi hupitiwa kila bajeti ya Juni, basi piga hesabu wiki ile unayonunua.

Kenya mlango ni mwembamba zaidi: gari lililozidi miaka minane haliingii kabisa. Uganda ukomo ni miaka 15.

Matumizi ya kila mwezi

Mafuta yasikuamulie. S-Presso ina injini ya cc 998, Passo na Vitz ndogo zina cc 996, zote silinda tatu, na mwenye mguu mwepesi hataona tofauti kubwa pampuni. Tofauti inakuja ukichukua IST ya cc 1,500, hasa kwenye foleni ya Ubungo au Mbagala na kiyoyozi kikiwa wazi.

Bima ndiyo inayotenganisha. Bima kubwa huhesabiwa kwa asilimia ya thamani ya gari, hivyo mwenye gari jipya hulipa zaidi, na akiwa amekopa benki hana hiari; itadai bima kubwa mpaka mkopo uishe. Mwenye mtumba anaweza kukata ndogo akabaki na fedha. Binafsi siipendi bima ndogo kwa familia yenye gari moja tu. Ukigongwa na asiyekuwa na kitu, au gari likiibwa, huna pa kuanzia.

Sevisi ya gari jipya hufanyika kwa wakala na bei yake ni ya wakala. Ya mtumba unaifanya pale unapotaka, kwa oili unayonunua mwenyewe.

Kuharibika, fundi na spea

Gari jipya linakuja na waranti, mara nyingi ya miaka mitatu au kilomita 100,000, lolote litakalotangulia. Maana yake ni kwamba gia boksi ikileta shida mwaka wa pili, si tatizo la mfuko wako. Lakini waranti ina masharti: sevisi kwa wakati, kwa wakala, na kitabu kigongwe muhuri. Ukimpa fundi wa mtaani akate waya ili afunge alamu au redio kubwa, umempa wakala sababu ya kukukatalia. Jiulize pia karakana ya wakala iko umbali gani na wewe. Anayeishi Dar au Arusha ana jibu. Anayeishi Sumbawanga au Songea itabidi ahesabu nauli ya kila sevisi, na siku za gari kukaa mbali na nyumbani.

Kuna jambo la majina ambalo limewachanganya wengi. Toyota Starlet mpya inayouzwa Afrika ni Suzuki Baleno yenye nembo ya Toyota, imeundwa India. Na jina la Vitz limerudi katika baadhi ya masoko ya Afrika juu ya gari ambalo asili yake ni Suzuki Celerio. Si magari mabaya. Ila usidhani spea za Vitz zilizojaa maduka ya Gerezani, Dar es Salaam, zitaingia humo. Fundi aliyefungua Vitz za Japani miaka yote atakuwa anaanza upya, na bampa au taa ukiivunja huenda ikakulazimu kuisubiri kwa wakala.

Mtumba wa Japani upande huu una nguvu kubwa. Vitz, Passo na IST zina fundi kila mji wenye kituo cha mafuta. Spea mpya, spea za mtumba, spea za kichina, zote zipo Kariakoo kwa bei tatu tofauti, na Nairobi utazikuta barabara ya Kirinyaga. Ikikufia Makambako usiku, asubuhi kuna mtu atakayeijua.

Udhaifu wake ni kwamba hakuna wa kumrudia. Na mengi ya matatizo yake tunayaleta wenyewe. La kwanza ni oili ya gia boksi. Mengi ya magari haya yana gia ya CVT, inayotumia mkanda wa chuma, na inataka oili yake ya CVT, si ATF, ile ya gia otomatiki za kawaida. Fundi akikuambia "ATF ni ATF tu, kaka, zote nyekundu," chukua funguo zako uondoke. La pili ni kutoa themostati na kujaza maji ya bomba kwenye rejeta badala ya kulenti. Injini za aluminiamu haziyapendi maji hayo. Kutu na magadi huanza kula taratibu, na siku gasketi ya silinda hedi inapoungua watu husema gari za siku hizi ni laini.

Kilomita chache ni kitu gani hasa?

Hapa nikae kidogo, maana ndipo wengi wanapoumizwa. Gari la miaka kumi lenye kilomita 38,000 linaonekana zawadi. Injini yenyewe huenda ni nzuri kweli. Lakini mpira hauhesabu kilomita, unahesabu miaka. Mabomba ya rejeta, mikanda, bushi, mauntini za injini, sili na matairi, vyote vimezeeka hata kama gari lilikuwa la bibi wa kwenda sokoni mara moja kwa wiki.

Anza na matairi kwa sababu yanasema bila kuulizwa. Ubavuni mwa tairi kuna namba nne ndani ya kiduara kirefu. Ukiona 3517, limetengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2017. Yakiwa yote manne ni ya zamani hivyo, weka matairi mapya kwenye bajeti hata kama kashata zimesimama. Angalia pia kama si matairi ya theluji; magari ya kaskazini ya Japani huletwa nayo, ni laini, na kwenye lami yetu ya jua yanaisha upesi.

Kaskazini hiyohiyo, Hokkaido na Tohoku, barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha barafu. Gari linang'aa juu, chini limeliwa. Dai picha za chini ya gari kabla ya kulipa. Muuzaji anayekutumia picha ishirini za viti na hana hata moja ya chini, muulize kwa nini.

Karatasi ya mnada ndiyo ushahidi wako mkuu. Magari mengi ya Japani hupita mnadani, na mkaguzi hulipatia kila gari alama: 4 au 4.5 ni zuri, 3.5 lina makovu ya kawaida, na R au RA ni gari lililopata ajali likatengenezwa. Kwenye mchoro wa gari utaona herufi: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mahali palipowahi kunyooshwa, S ni kutu, XX ni kipande kilichobadilishwa. Namba inayofuata herufi huonyesha ukubwa wa kasoro. Kilomita zimeandikwa hapo pia. Linganisha na dashibodi, na linganisha namba ya chasisi. Kama gari limeshafika yadi ya hapa na karatasi "imepotea", basi angalia mpira wa pedeli ya breki, ngozi ya usukani, na ubavu wa kiti cha dereva upande wa mlango. Dashibodi husomeka elfu 45, huku pedeli imelika mpaka chuma kinachungulia.

Kwa nini Wajapani wanauza magari mazuri hivyo? Sheria yao inataka ukaguzi wa lazima miaka mitatu baada ya gari kuwa jipya, kisha kila baada ya miaka miwili, na gharama yake si ndogo. Wengi huona heri kuuza ukaguzi ukikaribia. Kwa hiyo bei ndogo ya kule si lazima iwe dalili ya ubovu.

Usalama

Mtu akisema "jipya ni salama zaidi", mwombe akuonyeshe. Novemba 2020, Global NCAP, shirika linalopima usalama wa magari, ilitoa matokeo ya kugongesha S-Presso ya soko la India yenye mfuko mmoja wa hewa, ikapata nyota sifuri kwa watu wazima. Toleo la mifuko miwili lililopimwa kwa ajili ya Afrika Kusini lilipata nyota tatu. Jina ni moja, umbo ni moja, na ndani ni vitu tofauti. Kwa hiyo kwa gari jipya swali ni: toleo hili, linalouzwa hapa, lina mifuko mingapi, lina ABS (breki zisizofunga magurudumu), lina mfumo wa kuzuia gari kuyumba? Usikubali jibu la brosha ya nchi nyingine.

Mtumba una faida moja ambayo watu hawaisemi. Tangu Oktoba 2014, magari mapya ya kawaida ya abiria nchini Japani yanatakiwa kuwa na mfumo huo wa kuzuia kuyumba. Vitz ya 2015 inayo. Baadhi ya magari madogo mapya ya bei ya chini hayana.

Lakini mtumba una hatari yake, na kwetu wa pwani inatuhusu zaidi ya wengine: mifuko ya hewa ya Takata. Kemikali iliyotumika kuijaza, nitrati ya amonia, huharibika ikikaa miaka kwenye joto na unyevunyevu. Siku mfuko unapofumuka, kopo lake la chuma hupasuka na kurusha vipande usoni mwa dereva au abiria. Mamilioni ya magari duniani yaliitwa yarudishwe kubadilishiwa, na kampuni yenyewe iliomba kufilisika Juni 2017. Honda Fit na Toyota Vitz za miaka fulani zilikuwemo. Barua ya wito humfuata mmiliki aliye Japani. Gari likishapanda meli kuja Dar, Tanga au Mombasa kabla ya kufanyiwa kazi, hakuna anayekutafuta. Chukua namba ya chasisi uiingize kwenye ukurasa wa mtengenezaji wa Japani uone kama kuna wito ambao haujatimizwa. Ukiona upo, mwambie muuzaji autimize kabla ya kusafirisha, au chagua gari jingine.

Barabara unazopita

S-Presso imeinuka milimita 180 kutoka ardhini, na hiyo inaonekana kwenye matuta ya mitaani na njia za Goba au Chanika wakati wa masika. Vitz na Passo ziko chini zaidi. Wengi huziinua kwa spesa. Ikifanywa na fundi makini inasaidia, ikifanywa ovyo inaharibu alaimenti na kula matairi kwa ndani.

Kwa upande mwingine, mtumba wa Japani mara nyingi una kamera ya nyuma, vioo vya umeme vyote na kiyoyozi chenye nguvu, wakati gari jipya la toleo la chini linakuhesabia kila kitu. Redio ya Japani, ikiwa ni ya asili, inaishia masafa ya chini, hivyo stesheni nyingi za kwetu haikamati mpaka ifungiwe kifaa au ibadilishwe.

Kuuza

Gari jipya hupoteza thamani kubwa miaka ya mwanzo. Mtumba umeshapoteza, na aliyebeba hasara hiyo yuko Japani. Vitz au IST safi ukiitangaza asubuhi, jioni simu zinalia. Ukikaa na gari miaka minane au kumi, tofauti hii inapungua sana. Ukiuza ndani ya miaka miwili, inauma.

Na lililokwisha kutembea hapa nchini?

Lina faida ya kuliona, kuliendesha na kulipima kwa kompyuta kabla ya kutoa fedha, na kodi zimeshalipwa. Hakikisha jina kwenye kadi ni la anayekuuzia, angalia deni la faini za trafiki kwa namba ya gari, na uliza waziwazi kama lilifanya kazi ya teksi mtandao. Kilomita za mwaka mmoja wa kazi hiyo zinaweza kuzidi miaka mitano ya Japani.

Kulingana na hali yako

Kama unakopa benki, una mshahara wa uhakika, unaishi karibu na karakana ya wakala na unapanga kukaa na gari miaka mingi, gari jipya lina mantiki. Malipo yanajulikana mwezi hadi mwezi, na miaka mitatu ya kwanza matengenezo makubwa hayakuhusu.

Kama unalipa taslimu na fedha ni kidogo, mtumba wa cc 1,000 usiofika miaka minane ndio unaokupa gari zuri kwa kodi ndogo zaidi.

Kama uko mkoani, mbali na wakala, au unasafiri sana njia ndefu, nenda na gari ambalo mafundi wa njiani wanalijua. Hapa ningechukua Vitz ya Japani bila kusita, na ningetafuta ya kuanzia 2015.

Kama gari ni la kumbebea mtoto shule na mzazi hospitali, na huna mtu unayemwamini wa kukukagulia mtumba, uhakika wa gari jipya una thamani ya fedha. Ila lichukue toleo lenye mifuko miwili ya hewa au zaidi, hata kama itabidi usubiri.

Kama ni la biashara ya teksi mtandao, pigia hesabu siku ambazo gari litakaa likisubiri spea. Kila siku hiyo ni siku isiyo na hesabu ya jioni, na mtumba wenye spea kila kona hukaa gereji muda mfupi.

Kama huna hakika utakaa na gari zaidi ya miaka miwili, kwa sababu ya uhamisho au masomo, nunua lile litakaloondoka haraka sokoni.

Na kama fedha yote uliyonayo inaishia kwenye bei ya mtumba na ushuru wake, ngoja miezi michache zaidi, au shuka ngazi moja ya gari. Matairi manne, betri, oili ya injini, oili ya CVT, mikanda na kulenti vifanyike mwezi wa kwanza, kabla ya safari yoyote ya kwenda kumwonyesha bibi gari.